Barua ya kumpendekeza Madam

Jana usiku nimemaliza barua ya kumpendekeza Madam, aliyenifundisha umeme hapa Nakuru. Chuo kimetangaza tuzo ya mwalimu bora na sisi wanafunzi wa zamani tumeombwa kutoa majina.

Tuzo hii nimeingoja. Machi 2019, Bradha Peter Tabichi wa shule ya Keriko, hapo Njoro, aliposhinda Global Teacher Prize, tuzo ya mwalimu bora duniani, na dola milioni 1, nilishangilia kama aliyeshinda ni ndugu yangu. Siku ileile nikamwaza Madam. Baadaye nikasoma masharti: tuzo ile ni ya walimu wa shule, wanaofundisha watoto na vijana wa miaka 5 hadi 18. Darasani kwetu kulikuwa na baba wa watoto watatu.

Fomu ya chuo inauliza shahada, semina na machapisho. Jinsi mwalimu anavyofundisha imetengewa mistari mitano tu. Hilo halikunipendeza, maana ubora wa Madam uko hapo hasa. Nikaongeza kurasa tatu.

Nimeeleza habari ya mota. Karakana yetu haikuwa na mota za kutosha za kujifunzia, basi Madam alikuwa akizunguka kwa wenye vinu vya kusaga mahindi akiomba zilizoungua. Tulijifunza kusuka, yaani kutoa waya ulioungua ndani ya mota na kuzungusha mpya, kwa mota ambayo mwenyewe anaisubiri. Kabla ya kukata waya wa zamani, uhesabu mizunguko ya koili, yaani kila fungu la waya uliozungushwa, upime unene wa waya, uchore koili inatoka mfereji upi wa chuma cha mota na kuingia upi. Halafu uhesabu koili ya pili, usiiamini ya kwanza.

Mimi niliiamini ya kwanza. Ilikuwa mota ya fezi tatu ya mama mmoja wa Bahati. Koili zilikuwa na mizunguko 48, nikaandika 38, nikasuka zote hivyo. Tulipoiwasha bila mzigo, ikavuta umeme kupita kiasi na kuanza kupata moto. Madam akazima. Akachukua daftari langu, akalitazama kitambo, akanirudishia.

"Fumua," akasema. "Zote."

Asubuhi yake tukapanda matatu pamoja hadi Bahati. Nilidhani atanisemea. Tulipofika akasalimia, akaketi, akasema, "Mama, fundi wako ana neno," kisha akanyamaza. Nikaeleza mwenyewe: nimekosea hesabu, naomba siku mbili. Mama yule aliuliza swali moja tu, kama mara hii nitahesabu mara mbili. Jumamosi Madam alikuja karakana, siku ambayo si ya kazi kwake, akakaa na mimi mpaka nikamaliza kupaka vanishi. Hakugusa waya hata mmoja.

Ni walimu wangapi wangeisuka wenyewe kimyakimya ili jina la chuo lisichafuke?

Mwishoni mwa barua nimewaomba waamuzi waje hapa kwangu Bondeni, na kwa wenzangu wengine wanne walio na karakana zao, watazame tunavyofanya kazi kabla ya kuhesabu vyeti vyake. Nimeweka pia nakala ya ule ukurasa wa daftari: 38 imekatwa kwa kalamu yangu, na 48 imeandikwa mara mbili.

Madam hajui lolote kuhusu barua hii. Jumatatu naipeleka ofisini kwa mkono.