Taa ya zambarau na mabaka ya mwanangu

Baka la kwanza, jeupe, lilitokea kwenye kope ya jicho la kushoto la binti yangu, akiwa na miaka 8. Nilidhani ni dawa ya meno iliyomkaukia, nikalisugua kwa kidole kilicholowa. Halikutoka. Baada ya wiki chache likaja jingine gotini, kisha kiwikoni, kisha nchani mwa kidole cha shahada. Mtaani kwetu Korogwe kila mtu akawa na jina lake la kuliita baka hilo: huyu utangotango, yule mba. Jirani mmoja alisema "mbalanga" kwa sauti ya chini huku akimvuta mwanawe karibu naye. Sauti ile ilininyima usingizi, maana wapo wengi wasiotofautisha mbalanga na ukoma.

Duka la dawa walinipa krimu ya fangasi. Nilimpaka miezi 5, asubuhi na jioni, na mabaka yakazidi kupanuka. Nilipompeleka kupimwa mara ya kwanza, niliambiwa itabidi akatwe kipande kidogo cha ngozi kwenye baka kikachunguzwe. Nikatazama lile baka, lilivyo pembeni kabisa mwa jicho, nikasema hapana. Tangu siku hiyo nikawa namuuliza kila ninayemwona na koti jeupe: hakuna namna ya kuitazama ngozi bila kuikata?

Binamu yangu ambaye ni muuguzi ndiye aliyenijibu. "Dada, mpeleke Moshi, pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi." Kituo hicho kilianza mwaka 1992, na wanaosomea pale wanatoka nchi nyingi za Afrika. Tukapanda basi alfajiri.

Mtoto alipomwamkia, daktari aliitikia, akamketisha, na swali lake la kwanza likanishangaza: "Mama, leo umempaka nini?" Nikamwambia mafuta ya mgando, kama kila siku. Akachukua pamba akayapangusa yote, kwa sababu mafuta hayo nayo hung'aa chini ya taa anayotumia na yanaweza kumdanganya mtu. Nikiulizwa leo na mzazi anayempeleka mtoto kwenye kipimo hiki, jambo la kwanza ninalomwambia ni hilo: asimpake kitu asubuhi hiyo.

Kabla ya taa alishughulikia ule ukoma uliokuwa ukinikaba koo. Alimwambia mtoto afumbe macho, kisha akawa anamgusa kwa ncha ya unyuzi wa pamba, mara ndani ya baka, mara nje, naye aonyeshe kwa kidole alipoguswa. Hakukosea hata mara moja. Baka la ukoma aghalabu hupoteza hisia. Akapapasa pia mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko, akakuta haujavimba. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana miezi yote ile.

Kisha akafunga mapazia na kuzima taa za chumba. Tukakaa gizani kidogo, macho yazoee. Taa yenyewe inaitwa taa ya Wood, kwa jina la mwanafizikia wa Marekani, Robert Williams Wood, aliyebuni kichujio chake mwaka 1903. Hutoa mionzi ya urujuanimno, na macho yetu huona zambarau hafifu tu. Mtoto akafumba macho tena, taa ikasogezwa. Vinyuzi vya nguo kwenye sweta lake viliwaka kama nyota. Halafu kope ikawaka: nyeupe ya kibuluu, kali, na ukingo uliokatika waziwazi kama ramani ya kisiwa.

Daktari alinieleza akiwa palepale gizani. Ngozi yenye melanini, yaani ile rangi yake ya asili, humeza mionzi ile. Melanini ikiisha kabisa, mionzi hupenya hadi kwenye nyuzi za kolajeni zilizo chini, nazo hurudisha mwanga wa kibuluu. Utangotango ungeweza kutoa rangi ya manjano. Baka ambalo rangi imepungua tu, kama yale ya ngozi kavu mashavuni mwa watoto, lisingewaka hivyo wala kuwa na ukingo mkali. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu, baka linaonekana hata mchana bila taa. Taa inasaidia kujua kama rangi imepungua au imekwisha. Kwa mwanangu ilikuwa imekwisha. "Hii ni vitiligo, mama. Haiambukizi."

Lakini kilichonipa nguvu ni kile kidarubini kidogo cha mkononi kiitwacho dermatoskopu, kinachokuza mara 10. Alikiweka gotini, akaniita nitazame. Katikati ya weupe niliona vinywele, na vilikuwa vyeusi. Kuzunguka baadhi yake palibaki pete ndogo za kahawia. Akaniambia seli mama zinazozaa seli za rangi huishi kwenye vishina vya vinywele, na humo ndimo rangi hurudia. Kinywele kikishageuka cheupe, kazi inakuwa ngumu. Nchani mwa kidole hamna vinywele kabisa, akanitayarisha mapema kwamba hapo nisitegemee sana. Baadaye nilisoma kwamba kuna darubini za leza zinazoiona ngozi tabaka kwa tabaka bila kuikata. Sisi taa na kidarubini vilitutosha.

Tulirudi na marhamu ya takrolimasi na kazi moja ya nyumbani: picha. Kila tarehe mosi tunasimama dirishani saa 3 asubuhi, bila mafuta, umbali uleule, na sarafu ya shilingi 200 kando ya baka ili ukubwa usituhadae. Bila picha ningekata tamaa mwezi wa pili, kwa kuwa jicho linalomwona mtoto kila siku halioni badiliko. Mwezi wa nne, picha ya goti ilionyesha vidoti vya kahawia, kila kimoja kimezunguka unywele. Nilizipanga picha nne kwenye simu nikamwonyesha bibi yake, yule aliyekuwa akinisihi tutafute mganga. Alivaa miwani, akazitazama muda mrefu, akauliza tarehe mosi ijayo ni lini.

Kope sasa imejaa rangi karibu yote. Kidole bado cheupe. Tarehe mosi iliyopita mwanangu alishika sarafu mwenyewe, akahesabu vidoti vya kiwikoni, akafika 23, na akanitaka niviandike pembeni ya tarehe.