Andiko la fedha za tabianchi linapokwama
Wana Mwanza mnaoandaa maandiko (maombi ya fedha) ya Adaptation Fund, mfuko wa kimataifa wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira: kuandika “mwalo wa Igombe (kituo cha wavuvi kando ya Ziwa Victoria) hauna choo” ni hoja ya maendeleo, si ya tabianchi. Andiko hilo litarudishwa. Onyesha ziwa lilivyopanda Mei 2020 hadi kuvuka kilele cha 1964, ambatanisha takwimu za mvua za miaka 30 kutoka TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), kisha taja choo kitainuliwa mita ngapi juu ya usawa ule wa maji. Bajeti nayo huangusha wengi: gharama za utekelezaji (mishahara ya waratibu, ofisi, mafuta ya gari) zisivuke asilimia 9.5 ya bajeti ya mradi. Semina za hotelini jamani, punguzeni. Barua ya serikali ya kuridhia mradi iombeni mapema. Bila hiyo andiko halijadiliwi.