Kubadilisha Mteja: Bei ya Vizuizi vya Mkataba na Gharama za Mkandarasi Huru

Wakandarasi huru wengi husoma mkataba kwa kuanzia kwenye malipo na tarehe ya kuanza, wakaviacha vifungu vya mwisho, vile vya kuwazuia kufanya kazi fulani baada ya mkataba, hadi siku wanapotaka kuondoka. Mimi naona hivyo ndivyo vya kusomwa kwanza, kwa sababu kila kizuizi kina bei yake, na anayeilipa kwa kawaida ni mkandarasi peke yake. Ujerumani, mwajiriwa anayezuiwa kushindana na mwajiri wake wa zamani hafungwi na kizuizi hicho bila fidia: sheria inataka apewe angalau nusu ya malipo yake ya mwisho, na kizuizi chenyewe hakiwezi kuzidi miaka 2. Mkandarasi aliyetia saini kifungu cha namna hiyo bila kutaja fidia hubaki hana ankara ya kutuma, ilhali bima ya kazi, leseni za programu na ada za mhasibu zinaendelea kudai.

Vizuizi hivi havina uzito sawa. Kinachomzuia mkandarasi aliyeletwa na wakala asirudi kwa mteja yuleyule moja kwa moja, kwa miezi kadhaa, mimi nakiona ni cha haki, kwa kuwa wakala alitumia muda na fedha kuwakutanisha. Kinachoniudhi ni kifungu kinachomfungia mtu sekta nzima, au kinachotaja "wateja wote wa wakala" wakiwemo wale ambao hajawahi kuwafanyia kazi hata siku moja. Mtu anawezaje kuheshimu orodha ambayo hajaonyeshwa? Kabla ya kutia saini, omba kifungu kihusu wateja uliowahudumia kweli katika miezi ya mwisho ya mkataba, na muda wake utajwe kwa tarakimu.

Sheria husaidia, ila si mahali pote kwa kiwango kimoja. California na India zina sheria za tangu 1872 ambazo kwa jumla hubatilisha mkataba unaomzuia mtu kufanya kazi yake halali. Uingereza hufuata kipimo cha busara (kwamba kizuizi kiwe cha kiasi kinachofaa) kilichothibitishwa katika kesi ya Nordenfelt ya 1894, ambapo mtengenezaji wa silaha aliyeuza biashara yake alizuiwa kushindana kwa miaka 25, na mahakama ikakubali kwa sababu alilipwa vizuri na soko la bidhaa ile lilikuwa dunia nzima. Mkandarasi anayeuza saa zake hajauza biashara yoyote, na hoja hiyo inafaa kuwekwa mezani mapema. Katika ngazi ya taifa, Marekani ilijaribu mwaka 2024 kupiga marufuku karibu vizuizi vyote vya aina hii, vikiwemo vya wakandarasi huru, lakini mahakama ya Texas iliitengua kanuni hiyo mwezi Agosti kabla haijaanza kutumika.

Kwa wanaopitia mawakala Uingereza, kanuni za 2003 zinampa wakala haki ya kumdai mteja ada ya kumchukua mfanyakazi moja kwa moja ndani ya wiki 8 tangu siku yake ya mwisho kazini, au wiki 14 tangu alipoanza, kutegemea ipi inaishia baadaye. Hata hivyo, anayefanya kazi kupitia kampuni yake mwenyewe anaweza kujitoa katika kanuni hizo kwa kutia saini fomu, na fomu hiyo mara nyingi huja pamoja na mkataba kana kwamba ni karatasi ya kawaida tu. Mtu akiombwa kuisaini, ana haki ya kuuliza anapoteza nini.

Suala la gharama hufuatana na hili kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Nchini humo humo, mkurugenzi wa kampuni yake mwenyewe anaweza, kwa masharti, kudai nafuu ya kodi kwa nauli za kwenda mahali pa kazi pa muda, lakini nafuu hiyo hukoma pale anapojua kwamba kazi ya hapo itapita miezi 24. Kubadilisha mteja peke yake hakuanzishi hesabu upya: ikiwa ofisi mpya iko mtaa wa jirani na safari haijabadilika kwa kiasi cha kuonekana, muda wa kwanza unaendelea kuhesabiwa. Marekani mpaka ni mwaka 1, na unategemea muda unaotarajiwa, si muda uliopita peke yake.

Zipo pia fedha ambazo mteja anayeachwa bado anadaiwa: nauli, malazi, vifaa vilivyonunuliwa kwa idhini yake. Mikataba mingi huweka siku ya mwisho ya kuwasilisha madai hayo, na baadhi huruhusu kukata gharama za kumwelekeza mrithi wa kazi iwapo notisi haikutimizwa. Kwa hiyo madai yote pamoja na risiti zake yawasilishwe kabla ya siku ya mwisho, wakati msimamizi aliyeidhinisha matumizi bado anajibu barua pepe, na jibu lake lihifadhiwe pamoja na nakala ya mkataba.