Sumni kando ya tanner

Mvua ya Liverpool haikukatika tangu alfajiri siku ile ya Februari 2004. Nilikuwa zamu ya mchana katika nyumba ya kutunzia wazee. Mzee wa chumba cha mwisho, baharia mstaafu ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, aliniomba nimshushie kopo la biskuti juu ya kabati.

Ndani mlikuwa na sarafu tupu, zile za kabla ya tarehe 15 Februari 1971, Uingereza ilipokuwa bado ikihesabu peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa paundi. Nikazimwaga juu ya blanketi lake. Akaanza kuzipapasa mojamoja, na kila moja akaiita kwa jina la mtaani.

"Joey," akasema, ameshika kisarafu chembamba cha fedha cha peni tatu. Jina hilo kwanza lilikuwa la peni nne, kwa sababu ya mbunge Joseph Hume aliyepigania zitolewe mwaka 1836. Peni nne zilipotoweka, peni tatu zikalirithi. Shilingi ilikuwa bob. Nusu shilingi, yaani peni sita, tanner.

Alipofika kwenye shilingi mbili na nusu, akasema, "Half a dollar."

"Nusu dola, mzee?"

Akanieleza kwamba wakati wa vita paundi moja ilikuwa kama dola nne za Marekani, basi shilingi tano watu wakaziita dola. Nilisahau kazi zangu zote. Shilingi tano! Kwetu nazo tuliziita dala, na makonda wa Dar es Salaam waliponadi nauli, "Dala! Dala!", mabasi yenyewe yakaishia kuitwa daladala. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa.

Kisha kidole chake kikagota kwenye sarafu moja, akaigeuza na kuigeuza. "Hii sikuwahi kuijulia jina. Nilirudishiwa chenji Mombasa, meli yetu ilipotia nanga Kilindini."

Nikaisogeza dirishani. Simba, na milima nyuma yake. Senti 50 ya Afrika Mashariki.

"Sumni," nikasema, na koo likanikaba. Bibi yangu wa Tanga alikuwa akiifunga kwenye pindo la kanga. Sumni za utoto wangu zilikuwa na sungura, za kwake zilikuwa na simba, lakini jina halikubadilika. Nikamweleza kuwa asili yake ni Kiarabu, sehemu moja ya nane, ingawa sisi tuliijua kuwa nusu shilingi. Hesabu ya kale ilishapita, jina likabaki midomoni.

"Nusu shilingi?" Akapapasa blanketi mpaka akaipata tanner, akailaza kando ya sumni. Enzi hizo shilingi ya Afrika Mashariki na ya Uingereza zilikuwa na thamani moja. Hivyo mtoto wa Liverpool mwenye tanner na mtoto wa Tanga mwenye sumni walishika kitu kilekile.

"Sumni," akajaribu, polepole. Nikaitamka tena, akaifuata vizuri zaidi.

"Na wewe, mwanangu, sumni yako ulinunulia nini?"

"Vitumbua."

Hakujua vitumbua ni nini. Nikavuta kiti, nikaanzia kwenye kuroweka mchele.