Jani moja kwenye paneli: chaji kontrola inafanya nini?

Jani hutia kivuli, na chaji kontrola (kifaa kinachosimamia umeme kutoka paneli kwenda betri) ndiyo inayopaswa kukabiliana nacho. Ukitaka kujua kivuli kinakula kiasi gani, usipime paneli ikiwa haina mzigo. Multimita itakuonyesha volti karibu zile zile za jua kali, uridhike bure. Kinachoanguka ni ampea zinazoingia kwenye betri, na zinaonekana tu betri ikiwa inachajiwa.

Seli, vile vipande vya paneli vinavyotoa umeme, zimeungwa mfululizo, moja baada ya nyingine, kwa hiyo iliyo dhaifu huzibana zote. Ndiyo sababu ya dayodi (vipitishio vya umeme vya upande mmoja) zilizo kwenye kiboksi cha nyuma. Paneli ya seli 60 huwa nazo 3, kila moja na seli zake 20. Seli ikifunikwa, umeme huzungukia kwenye dayodi na zile 20 zinatoka kazini: paneli iliyokuwa na volti 31 inabaki na 20 hivi.

Kwa betri ya volti 12, kontrola ya MPPT, yaani inayotafuta volti ambazo paneli hutoa nguvu nyingi zaidi, inashuka hadi hapo na kuendelea kuchaji. Kwa betri ya volti 24 haiwezi, maana MPPT za kawaida hupunguza volti, hazipandishi. Hapo unga paneli mbili mfululizo: kutoka volti 62 utabaki na 51 hivi, zinatosha. Ila bila mzigo paneli hizo mbili hufika 76, na baridi huzidisha, kwa hiyo kontrola yenye kikomo cha volti 75 utaiua. Tumia ya 100.

PWM, aina nyingine ya kontrola, ni habari nyingine. Yenyewe huiunganisha paneli na betri moja kwa moja. Paneli ya seli 36 ina dayodi 2. Upande mmoja ukitoka zinabaki volti 9, ambazo betri ya 12 haizioni kabisa. Kwenye PWM unga paneli hizo sambamba, ili iliyo juani ifanye kazi peke yake.

MPPT nayo ina udhaifu wake. Kivuli huzaa vilele viwili vya nguvu, yaani volti mbili tofauti ambapo nguvu hupanda, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, na kontrola ya ovyo hung'ang'ania kile kidogo. Kwenye zile paneli mbili za seli 60 zilizoungwa mfululizo, jua likiwa kali na betri haijajaa, funika NUSU ya seli moja kwa kadibodi (ukiifunika yote, kile kilele kidogo kinapotea na jaribio halina maana). Subiri robo saa. Volti za paneli zikishuka kwenye 51, kontrola inatafuta vizuri. Zikiganda juu ya 60 huku ampea zimepungua karibu nusu, haitafuti, na hakuna kuunga upya waya kutakakoiponya.