Aliulizwa Mara Mbili

Wapendwa katika Bwana, wiki hii nimerudi 1 Wafalme 19, nikamkuta nabii Eliya amelala chini ya mti wa mretemu. Mlimani Karmeli moto umeshuka, mvua imerudi, naye amekimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Kisha ukaja ujumbe mmoja wa Yezebeli, mke wa Ahabu, wa kutishia kumwua, naye Eliya akakimbilia Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake. "Yatosha," akasema, akaomba afe.

Kwa miaka mingi nilidhani hii ni habari ya mtu aliyepungukiwa imani. Sasa nasoma na kuona kwamba malaika hakumkemea hata kidogo. Alimgusa, akampa mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akaambiwa ale, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake.

Mimi, wakati msongo wa mawazo ulipokuwa umenikalia kooni, nilifunga. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kila siku, taya zimekaza, moyo unaenda mbio, nikaiita hali hiyo mzigo wa huduma. Mwili ulikuwa unaomba chakula na usingizi, nami nikaunyima vyote viwili nikidhani nampendeza Mungu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mtu akiona hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, misuli ikakaza, sukari ikapanda katika damu, akaweza kukimbia au kupambana. Ni kazi njema ya Muumba, lakini ni kwa hatari inayopita. Ikidumu miezi na miaka, usingizi hukatika, shinikizo la damu hupanda, kinga hudhoofika.

Hatimaye nilikwenda kwa mwanasaikolojia. Niliambiwa na ndugu mmoja kwamba muumini hahitaji hayo. Sikubaliani naye, na Paulo alimwita Luka tabibu mpendwa bila kuona haya.

Kikao cha kwanza niliulizwa kilichonileta, nikasema. Cha pili niliulizwa tena, nikasema yale yale, nikaona aibu kumchosha mtu kwa maneno yaliyokwisha semwa. Ndipo nikaikumbuka Horebu, mlima wa Mungu ambako safari ile ya Eliya iliishia. "Unafanya nini hapa, Eliya?" Bwana aliuliza mara mbili, kabla na baada ya ile sauti ndogo ya utulivu, na Eliya alijibu mara zote mbili kwa maneno yale yale: nimesalia mimi peke yangu. Linganisheni mstari wa 10 na wa 14. Mungu hakumkatiza. Alimwacha aseme mpaka mwisho, kisha akampa kazi ya kufanya na Elisha wa kuwa naye, na lile neno "peke yangu" akalijibu kwa hesabu: watu 7,000 wasiompigia Baali goti.

Tiba niliyopewa ina kitu kinachofanana na hicho. Daktari Aaron Beck aliianzisha katika miaka ya 1960: wazo linalojileta lenyewe unaliandika, halafu unalipima kwa ushahidi. Langu lilikuwa hili: nikipumzika, kila kitu kitaanguka. Nikapewa zoezi la kukaa dakika kumi kila siku bila kufanya lolote, kisha niandike kilichoanguka. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu kuliko kazi yenyewe. Mikono ilitafuta simu, kifua kilibana, kana kwamba utulivu ndio hatari. Nilifundishwa kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko ninayoivuta, na mapigo ya moyo yakapungua kidogo kidogo. Daftari langu la wiki ya tatu lina neno moja tu kila siku: hakuna.

Kama kuna anayesoma haya naye anasema "yatosha" kwa maana ile ile ya Eliya, nakusihi usibaki jangwani peke yako. Mwambie mtu leo, kabla jua halijazama, na umruhusu akupeleke kwa mtaalamu.

Bado sijapona kabisa. Usiku wa jana niliamka tena saa tisa, lakini sikuinuka kwenda kufanya kazi. Nilihesabu pumzi, nikalala mpaka asubuhi. Alhamisi nina kikao, na najua nitaulizwa swali lile lile.