Bunduki kwenye buti: kuvuka majimbo ya Marekani bila kuishia rumande

Leseni ya udereva ya North Carolina inakubalika Maine, California na kila jimbo lililo katikati. Kibali cha kubeba bastola hakiko hivyo. Kila jimbo la Marekani hujiamulia litambue vibali vya nani, na New York, New Jersey, California na Maryland hazitambui cha jimbo jingine lolote. Mtu anaweza kupanda Delaware Memorial Bridge akiwa raia asiye na kosa, akateremka upande wa New Jersey akiwa mtuhumiwa, na katikati hapo hakugusa chochote zaidi ya usukani.

Kinachomwezesha kupita ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1986, kifungu cha 926A. Watu huitaja kama hirizi, wengi bila kuisoma, ingawa ni fupi na masharti yake hayana fumbo. Uwe na haki ya kumiliki na kubeba silaha hiyo unakotoka. Uwe na haki hiyohiyo unakokwenda. Silaha isiwe na risasi ndani. Silaha wala risasi zisiwe mahali ambapo mtu aliyeketi ndani ya gari anaweza kuzifikia. Kama gari halina buti lililotengana na sehemu ya abiria, vyote viwe kwenye kasha lililofungwa kwa kufuli, na droo ya dashibodi au kisanduku cha katikati ya viti havihesabiki kuwa kasha hata vikiwa na ufunguo.

Neno la kusimama nalo ni "unakokwenda". Sheria hii ni ya kupita. Aendaye kumtembelea dada yake Newark hapiti New Jersey, anafika New Jersey, na hapo zinamhusu sheria za jimbo hilo tu.

Sasa kufunga mzigo. Toa magazini (kikasha kinacholisha risasi) kwanza, ndipo uvute slaidi au bolti nyuma. Ukianza na slaidi huku magazini imo, utakuwa umeingiza risasi nyingine chemba, yaani tundu inapokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa. Angalia chemba kwa macho, kisha ingiza kidole, maana usiku kwenye gereji macho hudanganya. Kwenye bastola ya silinda hesabu matundu yote. Magazini nazo zitolewe risasi kabisa, hata kama ziko mbali na silaha, kwa sababu yapo majimbo ambayo magazini iliyojaa huleta mjadala usioutaka kando ya barabara. Rudisha risasi kwenye boksi zake za kiwandani, uziweke kwenye chombo kingine chenye kufuli. Sheria ya shirikisho hailazimishi kuzitenganisha na silaha, lakini ukizitenganisha umejiondolea swali moja.

Kasha liwe gumu na lenye matundu mawili ya kufuli, na yote mawili yafungwe. Kasha la plastiki lenye kufuli moja katikati huinuka pembeni ukilivuta, na upenyo huo hutosha mkono wa mtu kuchomoa bastola. Pitisha waya wa chuma kwenye mpini wa kasha hadi kwenye ndoano ya kufungia mizigo sakafuni mwa buti, kwa sababu mwizi wa maegesho ya hoteli habebi bisibisi ili afungue kasha, analichukua lote. Ufunguo wa kasha usikae kwenye shada moja na wa gari.

Buti lenyewe lina mtego wake. Sedani nyingi zina viti vya nyuma vinavyolala, na kiti kikilala buti limekuwa sehemu ya abiria. Kwa hiyo funga kasha kwa kufuli hata ukiwa na buti. Kwenye SUV na magari ya familia yasiyo na buti, kasha liende nyuma kabisa, chini ya mizigo. Kwenye pikapu, chini ya kiti cha nyuma bado ni ndani ya kabini. Sanduku la chuma la kwenye bodi, lenye kufuli, ni bora zaidi.

Kinachowaangusha watu mara nyingi si bastola waliyoikumbuka. Ni risasi tatu zilizobaki mfuko wa mlangoni tangu msimu wa kuwinda, au begi la kulengea shabaha lenye magazini iliyosahaulika chini. Washington, D.C. inahesabu hata ganda tupu la risasi kuwa risasi. Kabla ya safari toa mazulia, pitisha mkono chini ya viti, kung'uta kila begi.

Jimbo la New York lina tafsiri inayowashangaza wengi: kwa sheria yake ya jinai, bastola huhesabiwa "imejazwa" ikiwa mwenye nayo ana pia risasi zinazoiingia, hata kama ziko kwenye boksi. Ndiyo maana kosa ambalo jimbo jingine lingeonekana dogo, kule linageuka shtaka zito. Ulinzi wa 926A hautamki lolote kuhusu magazini kubwa. Unazungumzia silaha, na mahali risasi zinapokaa. New York na California zina kikomo cha risasi 10 kwa magazini. New Jersey nayo ina vikwazo kwa risasi zenye ncha ya tundu, zile hasa ambazo wengi huzinunua kwa kujilinda nyumbani. Ushauri wangu ni mfupi: magazini kubwa na risasi hizo zibaki nyumbani. Risasi za kawaida utazinunua huko uendako.

Halafu kuna usiku, na hapa ndipo ulinzi unapopasuka. Kesi ya Revell, iliyoamuliwa mwaka 2010 na Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 3 (mahakama ya shirikisho; kila mzunguko husimamia kundi lake la majimbo), ilimhusu msafiri wa ndege kutoka Utah ambaye ratiba iliharibika Newark akalazimika kulala hotelini na begi lake. Bastola ilikuwa kwenye kasha lenye kufuli ndani ya begi. Kesho yake aliitangaza silaha kwenye kaunta ya uwanja wa ndege kama inavyotakiwa, akakamatwa. Mashtaka yalifutwa baadaye, lakini alipodai fidia alishindwa: mahakama ilisema usiku ule begi lilikuwa mikononi mwake, kwa hiyo silaha ilikuwa inafikika. Haikujali kwamba hakuchagua kulala pale. Mwaka huohuo Mzunguko wa 2, unaosimamia New York, Connecticut na Vermont, ulisema katika kesi ya Torraco kwamba ukikamatwa kinyume na 926A huwezi kuwadai maofisa fidia kwa kutegemea kifungu hicho. Kwa vitendo, maana yake ni kwamba kifungu hicho ni utetezi wa kumwonyesha hakimu, na ofisa aliyekusimamisha ana uwezo wa kukupeleka kwa huyo hakimu kwanza.

Ndiyo maana mimi naanza kupanga njia kwa kuuliza nitalala wapi. Chukua safari ya Charlotte hadi Maine. Ramani ya simu itakupendekezea barabara kuu ya I-95: Maryland, Delaware, New Jersey, New York, Connecticut, Massachusetts, jimbo gumu baada ya jingine. Njia ya ndani ni ndefu kidogo lakini tulivu zaidi: I-77 hadi Virginia, kisha I-81 kupanda kaskazini. Maryland utaikata Hagerstown, maili 12 hivi, huna haja ya kusimama. Lala Pennsylvania, ambako kumiliki silaha hakuhitaji leseni na mwenye kibali halali cha jimbo lake anaruhusiwa kuwa na bastola ndani ya gari. Asubuhi jaza tangi Scranton, uende msalani, ule, ndipo uingie New York: I-81 hadi Binghamton, I-88 kuelekea Albany, barabara ya 7 hadi Bennington, Vermont. Ni mwendo wa saa tatu hivi, na gari lisisimame bila sababu. Vermont ni pole kwa silaha, ila tangu 2018 ina kikomo cha magazini: 10 kwa bunduki ndefu, 15 kwa bastola. Baada yake ni New Hampshire, kisha Maine.

Kusimama kwa mafuta na choo hakujawahi kuwa tatizo kubwa. Kuzunguka mjini kutazama majengo ni jambo jingine.

Kuna sehemu ambazo sheria ya shirikisho yenyewe inakukataza popote ulipo. Posta ni mojawapo, pamoja na maegesho yake. Futi 1,000 kuzunguka shule ni eneo la katazo, lakini silaha isiyo na risasi ndani ya kasha lenye kufuli imesamehewa. Kwa hiyo kasha lilelile linakuokoa mara mbili. Mwenye bunduki iliyofupishwa mtutu kwa usajili wa shirikisho, au bunduki ya rashasha, aombe ruhusa ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, kwa fomu 5320.20 kabla ya kuondoka. Kizuia sauti hakidai fomu hiyo, lakini baadhi ya majimbo yamekipiga marufuku.

Kwa wahamiaji hatari ni kubwa zaidi. Aliyeingia kwa visa ya muda, iwe ya masomo, utalii au kazi, haruhusiwi kushika silaha wala risasi isipokuwa chini ya misamaha michache, kama kuwa na leseni halali ya kuwinda ya jimbo la Marekani. Mwenye grinkadi anaruhusiwa, lakini akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini. Asikubali wakili wa dharura amshawishi akiri kosa "dogo" bila kumuuliza wakili wa uhamiaji.

Polisi akikusimamisha: zima injini, washa taa ya ndani kama ni usiku, mikono juu ya usukani. Baadhi ya majimbo, Michigan mojawapo, yanamtaka mwenye kibali anayebeba silaha aseme mara moja; jua mapema ni yapi kwenye njia yako. Kwingine huna wajibu wa kuanzisha mazungumzo, lakini usidanganye ukiulizwa. Akiomba kupekua, sema kwa utulivu kwamba hukubali, na usimzuie akiendelea. Weka karibu, mbali na kasha, nakala ya 926A na karatasi inayoonyesha uendako: leseni ya kuwinda, fomu ya mashindano, hati ya nyumba.

Na ukitoka Detroit kwenda Buffalo, zima kwenye ramani njia inayopita Ontario. Inaonekana fupi, lakini ni Canada: bastola haipiti, na bunduki ya kuwinda inahitaji fomu ya tamko ya mgeni na ada. Pita Toledo na Cleveland.